Nilimaliza Betri ya Phonie kwa Mchezo wa Dame

Kosa ni langu. Naanza hapo ili usihangaike kumtafuta mwingine. Mimi mwenyewe nilimtafuta mwingine wa kumbebesha, na nikampata, na hilo ni kosa langu la pili.

Jina silitaji. Hapa Kamina ukiuliza tu "yule wa diploma" watakuelekeza hadi mlangoni, kwa hiyo nimeshajitaja nusu. Basi, liwalo na liwe!

Kwanza ujue unaongea na nani. Mimi sikusomeshwa na mjomba wala na misioni. Nilitoka hapa na mashati mawili, nikafika Dar es Salaam, mchana nikitengeneza redio Kariakoo, jioni nikisoma. Ada nilijilipia mwenyewe mpaka nikapata diploma ya kompyuta. Ina muhuri wa rangi mbili. Nimeitia fremu. Mgeni akiingia kwangu huiona kabla hajaniona mimi.

Nilirudi miaka ya tisini ikikaribia kwisha, vita ya pili ya nchi yetu imepamba moto. Watu wenye akili walikuwa wanatoka. Mimi mwenye diploma nilikuwa naingia. Nilishuka kituoni na kompyuta yangu nimeifunga kwenye blanketi kama mtoto mchanga, nikawasalimu watu kwa Kiswahili sanifu. Mama mmoja muuza mandazi akamwambia mwenzake, "Sikia huyu, anasema sawa Biblia." Nikadhani ni sifa.

Kompyuta hiyo haikuwa na Windows. Ilikuwa na Linux, niliyoipata kwenye sidi iliyokuja ndani ya gazeti la kompyuta. Nilikuwa nikiwaeleza watu, hata wasioniuliza, kwamba Windows ni ya wavivu, na Linux ni ya wanaume waliosoma. Katika mji ambao kompyuta zake ungezihesabu kwa vidole na vidole vikabaki, nilikuwa nimeshafungua chama cha upinzani.

Paruasi yetu, yaani parokia, ilinipa meza ndani ya chumba cha phonie, nipige chapa orodha ya wakimbizi waliokuwa wanaingia mjini. Kwa asiyejua, phonie ni ile redio ya kuongea na watu wa mbali. Simu hatukuwa nayo, barua zilikuwa zinakufa njiani. Ukitaka kumsikia ndugu yako, unatuma mtu wa baiskeli au wa mtumbwi apeleke randevu: siku fulani, saa fulani, akae karibu na phonie ya kule, nawe ukae karibu na ya huku. Mnaongea kwa zamu. Ukimaliza unasema "à vous", yaani sasa ni zamu yako, na kila mtu aliye kwenye benchi anasikia habari za nyumba yako bure.

Mtu wa phonie alikuwa Papa Banza, mstaafu wa telegrafu ya reli na msimamizi kanisani. Alikuwa pia bingwa wa dame, yaani drafti. Kituoni, ambako treni zilikuwa zinakuja kama mvua ya kiangazi, wanaume walicheza dame kuanzia asubuhi, na hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho Papa Banza kushindwa.

Phonie ilitumia betri ya lori, nayo ilijazwa na jua kupitia bamba moja la sola. Papa Banza alikuwa na sheria moja tu: siku ya randevu, hakuna kinachounganishwa kwenye betri hiyo isipokuwa phonie. Kompyuta yangu ilifanya kazi siku zisizo na randevu. Nilimwona mshamba. Mimi nilisoma ampea darasani, yeye alisoma kwa kuchomwa vidole!

Sasa njoo kwenye jambo lenyewe.

Dada yangu mdogo, Ngoie, alikuwa ameolewa Kinkondja, kwenye ziwa. Vita ilipokaribia kule, watu wa mumewe walijitayarisha kukimbilia Zambia. Mume mwenyewe alikuwa amekwenda kuvua na hakurudi. Ngoie alikuwa na watoto watatu, na alikuwa na njia mbili: kuwafuata wakwe zake Zambia, au kupanda kuja kwetu Kamina.

Utasema, si angekuja tu? Kwetu haiendi hivyo. Mwanamke aliyetolewa mali, yaani mahari, haondoki na watoto wa ukoo mwingine kwa sababu ya uvumi wa barabarani. Lazima mzazi wake amwite kwa mdomo wake mwenyewe, na wakwe wasikie kwa masikio yao. La sivyo ameiba watoto. Baba yetu alikuwa ameshafariki. Aliyebaki wa kumwita ni mama.

Ngoie akatuma mchuuzi wa samaki na ujumbe: Jumamosi, saa nne asubuhi, phonie ya Kinkondja. Baada ya saa hiyo wenye phonie wanashusha antena na kukimbia. Hakutakuwa na Jumamosi nyingine.

Mama alifua kitambaa chake kizuri siku ya Alhamisi ili kikauke mapema. Neno lenyewe alilokuwa anakwenda kusema lilikuwa moja tu: kuya. Njoo. Alilifanyia mazoezi jikoni kana kwamba ni hotuba ya Pasaka!

Na mimi wiki hiyo nilikuwa na shughuli gani? Nilikuwa na shughuli nzito sana, ya heshima. Nilikuwa naudanganya mchezo.

Yote yalianza na Radjabu, mfanyabiashara, watu wake ni wa Maniema. Alikuja kungoja randevu yake akaitazama kompyuta yangu.

"Weye enjenyeri, hii masini iko na Windows?"

"Haiihitaji."

"Sasa masini bila Windows njo nini? Televizyon ya bila picha?" Benchi zima likacheka. Akatoa disketi mfukoni. "Muloko wangu, ule mudogo wangu, alinitumia toka Lubumbashi. Ni mchezo wa dame. Inaomba Windows. Yako itaweza?"

Mtu mwenye akili angesema, "Sijui, nitajaribu." Nilisema, "Ndugu yangu, mimi nitaichezesha hiyo bila Windows, na itampiga Papa Banza."

Papa Banza akavua miwani.

"Itapiga nani?"

"Wewe, Papa. Kama huogopi."

"Fils, mwana," akasema taratibu, "minyi nilipiga bakubwa ba reli, nilipiga padri, nilipiga kolonel. Nitaogopa kisanduku?"

Basi! Nilikuwa na programu moja inaitwa Wine. Kazi yake ni kuudanganya mchezo wa Windows uamini kwamba uko nyumbani kwake, kumbe uko ugenini ndani ya Linux. Kazi ya uongo mtupu, kwa hiyo tulielewana haraka.

Wakati ule Wine ilikuwa bado changa. Siku ya kwanza mchezo ulifunguka ukafa. Mara ya pili ulifunguka bila kete. Mara ya tatu kete zilionekana, lakini nyeusi zikawa za kijani, na maandishi yote yakawa nukta tupu. Nilikesha na faili za usanidi kama mtu anayeuguza. Alhamisi mchana, mchezo ukasimama! Ulikuwa mzito, kila hatua ulikuwa unafikiri kama jaji, lakini ulicheza.

Nikaujaribu. Hapo ndipo nikagundua kitu, na kitu hicho ndicho ninachotaka ukisikie vizuri.

Dame ya kwenye disketi haikuwa dame ya kwetu. Kwetu kete hula mbele na nyuma. Kwetu kete ikifika mwisho ikawa dame yenyewe, inaruka uwanja mzima kama mwewe. Ya kwenye disketi ilikuwa ya nchi nyingine: kete haili nyuma, na dame inatembea nyumba moja moja kama bibi harusi. Anayecheza kwa mazoea ya Kamina atashindwa, hata awe bingwa, kwa sababu nusu ya mikono yake imefungwa.

Nililijua hilo tangu Alhamisi. Ungenisikia namwambia Papa Banza? Ng'o! Nilifurahi. Niliona ushindi umeshatiwa sahihi.

Jumamosi saa mbili tulikuwa wote pale. Mama kwenye benchi, amekaa wima, mkoba mapajani. Radjabu na wenzake wamekuja kutazama pambano. Jua linawaka, betri imejaa. Papa Banza akasema, "Leo ni randevu. Tutacheza Jumatatu."

Nikacheka. Nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Semeni tu kwamba mzee amepata sababu."

"Si sababu. Ni sheria."

"Papa, mimi nimesoma umeme. Robo saa tu. Jua litarudisha yote kabla ya saa nne. Au niwaandikie hesabu?"

Nikawaandikia hesabu. Kwenye karatasi! Ampea huku, saa kule, mstari chini, jibu limezungushiwa duara. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, kwa betri mpya na kwa mchezo wa robo saa. Betri ile ilikuwa na umri wa kuoa.

Mama akauliza, "Mwana, ile haitaharibu ya Ngoie?"

"Mama, mimi ndiye mwenye diploma."

Mama akaamini. Yeye ndiye aliyekuwa anaifuta vumbi hiyo diploma.

Papa Banza akakaa mbele ya kompyuta. Hatua ya sita akaona kete ya kula nyuma. Akanionyesha, nikabonyeza, mashine ikalia kama chura ikakataa.

"Bonyeza tena."

Ikakataa tena.

"Masini yako iko mugonjwa?"

"Mashine haigonjwi, Papa. Fikiria vizuri."

Akafikiria. Akacheza kingine. Akafikisha kete mwisho, watu wakapiga makofi, akataka dame yake iruke. Chura akalia. Dame ikasogea nyumba moja. Papa Banza akaitazama kama mtu aliyenunua ng'ombe akapewa mbuzi. Dakika chache baadaye ameshindwa.

Radjabu akapiga kelele, "Kisanduku kimemula mukubwa!" Mimi nikainama kidogo, kama mwanamuziki.

Kama ningesema wakati ule, "Papa, sheria za huyu ni tofauti," mzee angecheka, tungezima, tungekuwa na saa nzima ya jua. Sikusema. Na bingwa aliyeshindwa mbele ya watu bila kujua sababu, unadhani atainuka?

"Tena," akasema.

Tukaanza tena. Mashine inafikiri, mzee anafikiri, Wine inababaika, chura analia, watu wanabishana. Mara ya pili mchezo ulikufa katikati ikabidi niufufue. Mara ya tatu mzee alikuwa ameanza kuielewa dame ya ugenini, akaanza kuishinda, na mimi sasa ndiye niliyekataa kuzima. Ningeachaje mashine yangu ishindwe mbele ya Radjabu?

Mama akaita, "Mwana, saa ingali?"

"Ingali, mama." Sikutazama hata saa.

Kilichotuamsha ni phonie.

"Kamina, Kamina, Kamina. Huku Kinkondja. À vous."

Nilichomoa waya wa kompyuta haraka hivi kwamba nilivunja plagi. Papa Banza akarukia kipaza sauti. "Kinkondja, huku Ka..." Taa ya phonie ikazimika. Akaachia kitufe, ikawaka. Akabonyeza, ikazimika.

Nikueleze jambo ambalo hata bila diploma unaweza kulijua: phonie ikisikiliza inakula umeme kidogo sana. Ikisema ndipo inapokula. Kwa hiyo betri iliyochoka inaweza kukusikilizisha kila kitu vizuri, ila wewe huwezi kujibu hata neno. Hakuna mtu aliyebuni adhabu nzuri kuliko hiyo.

Ikaja sauti ya Ngoie, safi, kana kwamba yuko nyuma ya mlango.

"Mama? Mama, njo minyi Ngoie. Niko na batoto. Bakwe zangu beko hapa, banasikia. Nipande ku Kamina ao nifuate ba Zambia? Sema, mama. À vous."

Mama alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Kuya! Ngoie, kuya ku nyumba!" Taa ikazimika. Alikuwa anaongea na mbao.

"Mama, sikusikii. À vous."

"Kuya, mwana! Kuya!"

"Mama? Banasema phonie ya Kamina ingali inafanya kazi, jana balisemesha bantu. Sasa juu ya nini unanyamaza? À vous."

Radjabu alikimbilia barabarani kutafuta betri ya gari. Mji wa baiskeli! Mimi nilikuwa nafuta bamba la sola kwa shati langu, sijui nilidhani jua limeganda. Papa Banza alibonyeza na kuachia, kubonyeza na kuachia, labda mlio mmoja upite, mmoja tu. Haukupita.

Mara ya nne sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Basi. Kama mama hayiko tena, minyi nimeelewa. Yaya, mukubwa wangu, kama uko pale na unashindwa kuniambia, muzike muzuri. À vous."

Kinkondja wakangoja kidogo. Kisha mtu mwingine akasema wanafunga, wanashusha antena.

Mama bado alikuwa amekishika kipaza sauti. Akanigeukia. "Amesema nini? Nani anazikwa?"

Watu wote wakanitazama. Hapo, ndugu yangu, palikuwa pahali pazuri pa kuwa mwanaume. Nikasema, "Ni betri ya Papa Banza. Imezeeka. Nilishawaambia."

Sikuwa nimewaambia. Papa Banza alinyanyua uso, kisha akaanza kukusanya nyaya. Angesema nini? Kwamba yeye, msimamizi wa kanisa, alikuwa anacheza dame huku watu wanangoja? Aibu yake ndiyo iliyonificha mimi.

Baraza la paruasi likakaa. Wakamshukuru kwa miaka yake, wakamnyang'anya phonie. Na unajua walimpa nani? Mimi! Kijana aliyesoma! Nilipewa funguo na hotuba. Hivyo ndivyo dunia inavyowalipa wenye elimu.

Papa Banza hakunisema kwa mtu. Tukikutana kituoni alikuwa ananiinulia kofia mbele ya watu na kuuliza, "Enjenyeri, dame yako imejua kuruka?" Wote wanacheka, wanadhani ni utani wa mchezo. Nami nacheka. Ningefanya nini?

Ngoie aliwafuata wakwe zake Zambia, kwa miguu na mitumbwi. Barua yake ya kwanza ilitufikia baada ya zaidi ya mwaka, kwa mkono wa watu wa Radjabu. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo msomaji ni nani? Mwenye diploma.

Ngoie alikuwa ameniandikia mimi, si mama. Aliandika kwamba njiani, katika kijiji walikopumzika, alinyoa nywele. Alikaa chini siku tatu kumlilia mama, wakwe zake wakakaa naye, wenyeji wa kijiji wakaleta maji na unga. Aliniomba nimtumie kitambaa kimoja cha marehemu.

Nilitaka kuruka mistari hiyo. Mama akasema, "Soma yote. Naona macho yako inaruka."

Nikasoma yote. Kwetu kumlilia mtu aliye hai ni kumwonyesha njia ya kaburi. Nilidhani atapiga yowe. Mama akakaa, kisha akacheka, akawaita majirani. "Kumbe minyi ni mufu, na hakuna mutu aliniambia!" Kuanzia siku hiyo akienda kuomba chumvi kwa jirani alisema, "Mupatie mufu chumvi kidogo." Mji mzima ulicheka. Ila hakukivaa tena kile kitambaa kizuri. Alikikunja akanipa, akasema nikipeleke Zambia kama kilivyoombwa.

Nilimjibu Ngoie kwamba mama yuko hai, na kwamba betri ilikuwa imezeeka. Hata kwenye karatasi, ndugu yangu! Akajibu: "Mama yuko hai na alininyamazia mbele ya bakwe zangu? Nani alinyamazisha ile phonie, yaya?" Swali hilo sikulijibu. Mama alikuwa anauliza kila juma kama kambi ya wakimbizi alikokaa Ngoie imepata phonie ya watu wote. Haikuwa imepata.

Ilipopata, mama alikuwa na wiki moja kaburini.

Niliita mimi mwenyewe, saa nne asubuhi, betri mpya, jua kali, mitambo yote safi. Nilisikika vizuri sana. Nilisema, "Ngoie, ni yaya. Mama amefariki. Sasa ni kweli. À vous."

Akasema, mbele ya benchi lake lote na langu lote, "Yaya, minyi nilishamulilia mama. Nilinyoa, nilikaa chini, nilimaliza. Machozi ya leo ni yako, lia weye. À vous."

Nilibonyeza kitufe. Taa iliwaka vizuri kabisa, umeme ulikuwepo wa kuongea hadi jioni. Nikakiachia.

Wenye diploma wenzangu, mnaorudi nyumbani na sanduku la maajabu, sikilizeni. Onyesheni, chezeni, danganyeni michezo mnavyotaka. Lakini kabla hujamwambia mzee kwamba anaogopa, geuka utazame benchi, uone nani amekaa pale na ana neno gani moja mdomoni. Ukishaharibu, sema "ni mimi" siku hiyo hiyo, wakati bado kuna mtu wa kukusamehe. Mimi nasema leo. Ni mimi, Ngoie. Papa Banza hakuwa na kosa, na mama alikuita mpaka sauti ikamkauka.